Koki ya chini ya boti ikigoma kugeuka, usikimbilie kununua mpya

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kigoma, nimenunua boti la matanga la faiba, futi 26, lililotengenezwa Uingereza miaka ya 1970. Wenyewe wamehama nchi. Chini lina matundu matano ya mabomba: mawili ya kutolea maji ya mvua pale nyuma tunapokaa, moja la maji ya kupoza injini na mawili ya choo. Koki mbili hazigeuki kabisa, ya tatu inadondosha maji. Fundi bomba wa mtaani kaniambia nizing'oe zote nifunge geti valvu mpya, za dukani. Nataka kupeleka wageni Gombe. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera kwa boti. Usizing'oe bado, na geti valvu za dukani usizifunge kabisa chini ya maji. Fundi wako simlaumu. Mabomba ya nyumba anayajua, na nyumbani koki ikikatika unakimbia kufunga mita. Ziwa halina mita.

Tuelewane kwanza juu ya vifaa vyenyewe. Katika kila tundu kuna kipande kinachopenya ganda la boti, kichwa chake bapa kikiwa nje kama uyoga. Mafundi wengi wanakiita uyoga na mimi nitakiita hivyo. Ndani ya boti juu ya uyoga inakaa koki, na juu ya koki kuna mkia wenye mikunjo ambao hozi inavalishwa na kubanwa kwa klipu. Kwenye koki nyingi za Kiingereza za miaka hiyo, uyoga na koki ni kitu kimoja kilichofungwa kwenye ganda kwa bolti. Kimoja kati ya vifaa hivi kikiachia, boti linajaa. Tundu la inchi moja lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika. La inchi moja na nusu, kama la kutolea la choo chako, huingiza zaidi ya lita 120. Dakika kumi za tundu dogo ni nusu tani ya maji kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), na pampu ndogo ya betri haiwezi kushindana nalo, hasa ikiwa betri zenyewe ziko chini na maji yamezifikia.

Ndiyo maana koki isiyogeuka mimi naihesabu kuwa haipo. Haijalishi haivuji leo. Kazi yake ni kufunga siku hozi itakapochomoka, na siku hiyo haitafunga.

Sasa, kwa nini nakuzuia kuzing'oa? Kwa sababu boti la Uingereza la miaka hiyo lina nafasi kubwa ya kuwa na koki za koni, yaani zenye kipande cha umbo la koni, chenye tundu, kinachogeuka ndani ya mwili wa koki, za kampuni ya Blakes au zinazofanana nazo, na koki ya koni ya bronzi iliyogoma mara nyingi ni koki nzima iliyokaukiwa grisi. Ukiitupa na kuweka brasi mpya ya duka la vifaa vya ujenzi, umetoa kitu kizuri umeweka kibovu, tena kwa pesa yako.

Bronzi inayotumika kwa koki nyingi ni shaba asilimia 85, na iliyobaki ni bati, risasi na zinki kidogo kidogo. Brasi ya mabomba ya nyumbani ina zinki karibu asilimia 40. Brasi ikikaa majini muda mrefu, zinki inatoka polepole na kuacha shaba tupu yenye vishimo vidogo ndani yake. Umbo linabaki lilelile, hata rangi ya juu inaweza isikushtue, lakini nguvu imekwisha. Unaikanyaga kwa bahati mbaya ukishuka kwenye injini, inakatika. Baharini hili linakwenda kwa kasi. Maji ya Ziwa Tanganyika ni matamu, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo linakwenda taratibu zaidi, lakini halikosi kwenda, na boti lako lina miaka hamsini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukwaruza. Chukua tupa ndogo au ncha ya kisu, nenda kwenye kila koki, kwenye kila mkia na kwenye kila nati. Ondoa ule ukijani wa juu mahali padogo pasipo na kazi, ukwaruze mpaka uone metali safi, uangalie kwa tochi. Ukiona rangi ya dhahabu iliyoelekea kahawia, inayong'aa na ngumu kukwaruza, hiyo ni bronzi nzima. Ukiona njano ya kung'aa sana, ni brasi ambayo bado haijaliwa. Ukiona wekundu wa waridi, uliofifia, wenye madoa, na ncha ya kisu inazama kirahisi, hicho kipande kimekufa. Kisha gonga kwa nyundo ndogo, taratibu: kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu. Sumaku haitakusaidia kutofautisha brasi na bronzi maana zote hazishikwi. Itakusaidia kwenye klipu na mipini tu, kugundua chuma cha kawaida kilichojificha chini ya rangi.

Ukague na mkia peke yake. Nimeona mara nyingi koki nzima ya bronzi imevalishwa mkia wa brasi na fundi wa baadaye, na kinachokatika ni mkia.

Ukikuta bronzi, tuihuishe. Hili linafanyika boti likiwa nchi kavu, na jinsi ya kulipandisha nitaeleza mbele. Lowesha kwa WD-40 au mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku mzima. Legeza nati mbili za bamba linalobana koni, lakini usizitoe, halafu gonga koni kutoka upande wa pili kwa kipande cha mbao na nyundo. Pigo dogo la kurudiarudia linafanya kazi kuliko pigo moja kubwa. Ikikataa, ipashe mwili wake joto kwa maji yanayochemka au hewa ya moto. Tochi ya gesi usiisogeze karibu na faiba. Na mpini usiurefushe kwa bomba ili upate nguvu. Ndivyo shingo za koni zinavyokatwa.

Koni ikitoka, itie alama pamoja na mwili wake. Kila koni imesagwa na mwili mmoja, ukizichanganya hazitaziba tena. Safisha kwa mafuta ya taa, kisha chora mistari ya kalamu ya risasi kuzunguka koni kutoka juu hadi chini, uirudishe kavu, ugeuze mara moja, uitoe. Mistari ikifutika kote kwa usawa, mguso ni mzuri, osha na upake grisi tu. Ikifutika juu na kubaki katikati, pale ndipo maji yanapopita, na ile inayodondosha nadhani utaiona hivyo. Nenda gereji yoyote ya magari hapo mjini uombe ile pesti ya kusagia valvu za injini. Paka ile laini, siyo ya chembe kubwa, geuza koni mbele na nyuma ukiinua kila mara, futa, chora tena, angalia. Acha mara tu mistari inapofutika kote. Ukizidisha, koni inazama na tundu lake halilingani tena na tundu la mwili. Osha pesti yote mpaka kitambaa kitoke cheupe, maana chembe moja iliyobaki itaendelea kusaga kila unapogeuza.

Grisi iwe ile inayostahimili maji. Wauza vipuri vya injini za boti wanayo. Paka koni yote, funga nati kwa zamu mpaka mpini ugeuke kwa nguvu ya mkono mmoja, kisha funga nati za juu za kuzuia zisilegee. Grisi usiichukulie kuwa jambo dogo. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika ziwa hili mwaka 1916, mafundi walizipaka injini grisi nzito kabla haijashuka. Ilipoinuliwa mwaka 1924 zilikuwa zinatengenezeka, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Wewe unatakiwa kupaka koni tano tu, kila mara unapolipandisha boti.

Baada ya hapo zigeuze zote mara moja kwa mwezi, funga na fungua. Koki nyingi zilizogoma hazikuharibika, ziliachwa wazi miaka mingi bila kuguswa.

Kuhusu geti valvu, tatizo si brasi peke yake. Ndani kuna ulimi unaoshushwa na kijiti chembamba cha skrubu. Kijiti kikiliwa kinakatika ndani, gurudumu linazunguka vizuri mkononi mwako na ulimi haushuki. Kipande cha mwani au konokono mdogo akikaa kwenye mfereji wake, unahisi umefunga na maji yanapita. Na kwa kuitazama huwezi kujua kama iko wazi au imefungwa. Koki ya koni au bol valvu (valvu yenye tufe lenye tundu linalogeuka ndani) inakuonyesha kwa mpini: ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikata bomba imefungwa. Usiku, boti likiyumba, jicho linatosha.

Vile vipande vilivyokufa utavibadilisha, na hapa ndipo watu wanapoliwa, kwenye meno ya skrubu. Madukani kwetu mabomba yote ni ya meno ya Kiingereza. Vifaa vingi vya boti vinavyoagizwa kutoka Marekani vina meno ya Kimarekani. Kwa nusu inchi na robo tatu, yote mawili yana meno 14 kwa inchi, kwa hiyo yanaingiana mizunguko kadhaa na mkono unakubali, ingawa pembe ya jino ni digrii 55 kwa Mwingereza na 60 kwa Mmarekani. Kuanzia inchi moja, Mwingereza ana meno 11 na Mmarekani 11 na nusu. Hapo yanashika mizunguko miwili mitatu halafu yanakwama, na fundi anadhani yamebana. Hayajabana, yamelalana.

Kuna mtego wa pili. Uyoga una meno yaliyonyooka, unene mmoja toka chini hadi juu, ili nati yake iweze kushuka. Bol valvu nyingi za Kimarekani zina meno yanayojibana kadiri yanavyoingia. Ukifunga bol valvu ya namna hiyo juu ya uyoga, inashikwa na mizunguko michache ya mwisho tu, halafu uzito wote wa valvu, mkia na hozi unaning'inia hapo. Chama cha Marekani cha wajenzi wa maboti madogo, ABYC, kinataka koki ya chini ya maji ivumilie kilo 227 zikisukuma ncha yake ya ndani kwa sekunde 30. Ndiyo hali ya mtu mzima kuangukia juu yake boti likilala kwa upepo wa kusi. Koki yenye kitako kipana kilichofungwa bolti inavumilia. Bol valvu iliyokaa juu ya uyoga peke yake nisingeikalia.

Kwa hiyo nunua uyoga na koki vya mtengenezaji mmoja, vilivyofanywa kukaa pamoja, vya bronzi au vya nailoni iliyotiwa nyuzi za faiba. Hii ya nailoni wengi wanaidharau kwa kuwa ni plastiki. Mimi naiona inafaa sana kwako, hailiwi kabisa na kemia ya maji. Havipatikani Kigoma, vitaagizwa Dar es Salaam au nje. Subiri. Kabla ya kupaka gundi yoyote, funga kwa mkono vikiwa vikavu, uhesabu mizunguko; nikipata chini ya mitano sifungi. Uyoga ukiwa mrefu mno utagota ndani ya koki kabla kitako hakijakaa, basi ukate kwa msumeno, upime tena. Utepe wa tefloni wa mafundi bomba haukusaidii hapa. Ukiona unahitaji kuuzungusha mara kumi, meno hayalingani.

Kulipandisha boti ndiyo sehemu ngumu ya kwetu. Tanga au Bagamoyo mwenye chombo husubiri maji yakupwe, chombo kinakaa mchangani, anafanya kazi yake, maji yakijaa anaondoka. Ziwa halipwi kwa kiasi cha kukufaa. Na usidanganywe na maboti ya Kibirizi yanayovutwa juu ya magogo: yale yana tumbo pana, lako lina mkuku (uti unaoshuka chini ya tumbo la boti) na tani mbili hadi tatu, litalala ubavu na kupasuka palepale unapotaka kutengeneza. Tengeneza kitanda cha mbao chenye mikono inayolishika ubavuni, ukivute juu ya magogo kwa winchi, au tafuta lori la kreni penye ukuta wa gati na mikanda mipana. Fanya hivyo kati ya Juni na Septemba. Masika ya Kigoma hayatakupa faiba kavu, na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) juu ya faiba yenye unyevu haishiki.

Uyoga uliokufa usihangaike kuufungua. Kata kichwa chake kwa grainda kutoka nje, taratibu usiguse faiba, kisha usukume ndani. Chunguza ukingo wa tundu. Ukiona mbao laini iliyolowa katikati ya matabaka mawili ya faiba, ichimbe kuzunguka tundu kiasi cha sentimita mbili, kausha, jaza epoksi nzito, toboa upya. Ukiona faiba tupu, shukuru, endelea.

Ndani weka bamba la kuegemea, pana kuliko kitako cha koki. Napenda bamba la faiba. Ukikosa, mninga mkavu uliopakwa epoksi pande zote na ndani ya matundu. Lisage lifuate mviringo wa ganda, koki isikae juu ya pengo. Gundi ya kuzibia iwe ya poliyurethani au polisalfaidi ya maboti. Silikoni ya bafuni haifai chini ya maji. Na ile gundi kali ya 3M 5200 ambayo kila mtu anaisifia, mimi siitumii hapa, kwa sababu siku ya kubadilisha tena utang'oa na faiba. Mtu mmoja anashikilia uyoga nje usizunguke, mwingine anafunga ndani. Ikishabana, usiiguse mpaka gundi ikauke kwa siku zilizoandikwa kwenye tyubu.

Hozi: ya mpira nene yenye matabaka ya kitambaa au waya ndani, klipu mbili za chuma kisichoshika kutu kila upande, skrubu zake nazo zijaribu kwa sumaku. Hozi ya bustani, hapana.

Kagua kama boti lina kipande cha zinki kilichofungwa chini ili kiliwe badala ya metali nyingine. Zinki ni ya baharini. Kwenye maji matamu inajifunika ngozi nyeupe na kuacha kufanya kazi, utadhani imedumu kumbe imelala. Ziwani kwetu weka ya magnizi. Na hakikisha hakuna waya wa betri uliochubuka ndani ya ngama, maana umeme unaovuja kwenye maji unakula koki nzima kwa majuma.

Yale matundu mawili ya choo ningeyaziba kabisa. Unapeleka wageni Gombe, safari ya saa chache. Choo cha ndoo yenye mfuniko au tangi dogo linatosha. Watu wa mwambao huu wanachota maji ya kunywa ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo tunachomwaga kinakaa nasi. Kuziba si kutia kizibo. Kwangua faiba kuzunguka tundu kwa mteremko wa kumi na mbili kwa moja: ganda likiwa na unene wa milimita 10, mteremko uanze milimita 120 kutoka ukingoni. Kisha laza tabaka za kitambaa cha faiba na epoksi, kutoka dogo hadi kubwa, mpaka ujaze. Fundi yeyote wa faiba atakufanyia ukimsimamia kwenye mteremko; wengi wanauruka.

Yakibaki matatu, ujue yale mawili ya maji ya mvua hayafungwi ukiondoka, kwa sababu mvua moja ya Januari itajaza pale nyuma na kuzamisha boti kutoka juu. Hozi na klipu bora kuliko zote ziende huko. La injini lifunge kila unaposhuka, na funguo ya kuwashia itundike kwenye mpini wa koki ili usiwashe kabla hujafungua. Pembeni ya kila koki funga kwa kamba kizibo cha mbao laini ya msindano kilichochongwa kama kabari, chenye ukubwa wa tundu hilo. Mbao laini inavimba ikilowa. Mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akija kabla hujapakia abiria, mwonyeshe navyo.

Siku ya kulirudisha majini, koki zote zifungwe isipokuwa zile mbili. Kabla hujafungua mikanda au kulitoa kitandani, ingia ndani na karatasi kavu ya chooni, pitisha kuzunguka kila kitako na kila klipu. Karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakisikii. Rudia baada ya saa moja, na usiku wa kwanza lala ndani ya boti.

Ukishazikwaruza zile koki tano, niandikie rangi uliyoiona kwenye kila moja, na kipenyo cha kila tundu kwa milimita. Kama kuna namba au jina lililochongwa kwenye mwili wa koki, liandike vilevile. Kwa hayo nitaweza kukuambia ni zipi za kusaga na ni zipi za kuagiza, na meno gani uombe.